Bembea za Nemesio

Meli ilifunga gatini alfajiri, na mabasi makubwa yenye viyoyozi yalishazoa abiria kuwapeleka kwenye magofu ya Chacchoben. Sisi wa benchi la Doña Fidencia, muuza kahawa, hapa mjini Mahahual nje ya geti la bandari, tulikuwa tunangoja makombo: wale wazee wanaotoka wenyewe, polepole, kofia kubwa kichwani. Aliyewahitaji kuliko sote ni Nemesio, mwenye kibasi cheupe. Alishatuapia kwamba leo akikosa abiria, Jumatatu anaenda Playa, mji wa mahoteli ulio mbali, kubeba zege na shemeji yake, na ukienda Playa mke na watoto unawaona mara moja kwa mwezi. Kwa hiyo ubishi wa asubuhi hiyo haukuwa wa mchezo: mzee wa melini umpelekeje magofuni hata ajisikie raha?

— Kivuli na maji baridi, nikasema mimi. Umemaliza.

— Wee nawe! Kivuli hata mbuzi anacho.

Huyo ni Gaspar, tunayemwita Askofu kwa kupenda kuhubiri.

— Tatizo ni ngazi, akaendelea. Wazee wetu wa Kimaya walizijenga ndefu makusudi, ili vikongwe wabaki chini kulinda viatu.

— Viatu gani, Askofu? Walivaa kandambili?

— Mimi nitajua wapi! Ninachosema, mzee asitembee. Abebwe kwenye kiti, kama mfalme.

— Abebwe na nani?

— Na wewe. Mabega unayo, akili ndiyo huna.

Jogoo, muuza kofia, akacheka mpaka kahawa ikampalia.

— Kubeba ni ushamba, akasema. Mfunge kwenye puto, wewe ushike kamba huku chini. Piramidi nzima anaiona kutoka juu.

— Na upepo ukija?

— Ataiona na Belize ng'ambo ya mpaka, bila kuongeza nauli.

Nemesio hakucheka. Akaweka kikombe chini.

— Mimi nimeshafunga bembea za wavu, akasema. Kwa shangazi yangu, mkabala na geti la magofu, chini ya miti. Wanatembea kidogo, wanarudi kulala, wanakula papai. Wakipenda, wanaenda tena.

Loo, mbona hatukuwaza hilo? Kwetu mtu anazaliwa kwenye bembea, anaumwa humo, anazeeka humo. Raha gani nyingine ipo duniani?

— Na wakija mume na mke? Jogoo akauliza.

— Kila mtu na yake. Wamebanana kwenye meli wiki nzima, wapumzishane.

— Nemesio, leo umeua! akasema Askofu, na yeye kumsifu mtu si kawaida yake.

Hapo ndipo tukamwona mama mmoja mwenye fimbo, amesimama nyuma yetu, anasikiliza. Alizungumza Kihispania cha Puerto Rico, kile cha kumeza herufi.

— Mwenye bembea ni nani?

— Mimi, mama! Karibu! Nemesio alisimama haraka, karibu aangushe benchi.

— Goti hili ni la chuma, na hili lingine linalionea wivu. Nikishaingia humo, natokaje?

— Unatoka tu, mama.

— Tu, vipi?

Jogoo akasema hilo ni jambo dogo, akajitupa kwenye bembea ya Doña Fidencia nyuma ya jiko, akatoka kabla hatujaona kitu.

— Rudia, mama akasema. Polepole.

Jogoo akarudi ndani ya bembea.

— Mguu upi unatangulia?

— Huu. Hapana, huu... Msinichanganye bwana!

Akanyanyua mguu, akaurudisha. Akanyanyua mwingine. Bembea ikamzungusha, akabaki humo ananing'inia, anafikiria. Mimi nimelala kwenye bembea tangu kuzaliwa na sikuweza kumsaidia. Bibi yangu alitoka mwenyewe kila alfajiri mpaka mwaka aliofariki. Alitokaje? Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumtazama, na hilo liliniuma pale pale.

— Mama, sijui, akasema Nemesio. Naapa sijui.

Mama akageuka kutazama barabara waliyopita wale wa mabasi. Nemesio akajifuta uso kwa kofia, akamwahi.

— Kwani wewe kwenu, ukichoka, unakaa wapi?

Mama akamtazama kama hajawahi kuulizwa.

— Kibarazani. Kiti chenye mikono. Na mtu wa kubishana naye. Mume wangu ndiye aliyekuwa fundi wa kubisha, Mungu amrehemu. Huko melini kila nikisema neno, wananikubalia. Nimechoka kukubaliwa!

— Viti vya shangazi vina mikono.

— Na mtu?

Sote tukamgeukia Askofu.

— Mimi? Nina shughuli zangu mimi!

— Shughuli gani? Doña Fidencia akamnyang'anya kikombe. Toka hapa.

Mama akapiga mluzi. Kutoka kwenye kivuli cha ukuta wakainuka wenzake watatu, kila mmoja na fimbo yake, na Nemesio akakimbia kufungua mlango huku akisahau kofia chini. Askofu akaingizwa katikati yao. Kibasi kilikuwa hakijafika hata kwenye kona, tukasikia sauti ya mama dirishani, kali, imejaa furaha:

— Kulinda viatu? Mwongo mkubwa wewe! Haya, nieleze!