Nilivyonenepa kwa Kunyanyua Vyuma

Assalaam alaykum, shoga zangu. Nimeambiwa niwaeleze nlivyoanza mazoezi, na nyinyi mliojiunga juzi nisikilizeni vizuri, maana naona mnavyotembea kama mmepigwa. Jina la mtu sitaji. Mnaomjua, nyamazeni.

Mie ni mke wa kaka mkubwa, kwa hivyo chakula cha Idi cha ukoo wetu kikiliwa kwangu, Madinat Sultan Qaboos, hapa hapa Maskati, tangu mama mkwe alipochoka kupika. Idi Kubwa ile tumekaa chini, tumemaliza sinia letu la wali, nataka kuinuka, magoti hayataki. Nkashika ukuta, nkarudi chini. Wifi yangu mmoja akapaza sauti mbele ya wanawake wote: "Leteni winchi ya bandarini, mke wa kaka kakwama!"

Wakacheka. Haikumtosha, akamgeukia mama mkwe: "Mama, mtu hata kuinuka hawezi, masinia atayabeba vipi? Idi Ndogo tule kwangu." Na mama mkwe akakubali! Nlilia msalani, siwafichi. Nkaapa pale pale: Idi yangu ntairudisha, na yeye ataniona nkisimama.

Ndo nkaja hapa jimu. Mwalimu wetu, huyu anayejificha uso, akanipa vyuma. Asubuhi yake, wallahi, ngazi nlishuka kinyumenyume. Mkono haupandi hata kufunga mtandio. Nkasema haidhuru, si napungua? Baada ya wiki chache nkapanda mizani: nimeongezeka kilo mbili! Na wali nshaukimbia!

Habari zikamfika wifi, sijui nani kampelekea. Akanipigia simu: "Eti unakwenda jimu kunenepa? Si ungekaa nyumbani ukala halua, ukanenepa bila ya tabu?" Nkamkatia. Nkaja kwa mwalimu kuaga.

Akanitazama, akaniuliza, "Mama, mbona sketi umeibana kwa pini?" Nkajitazama. Kweli, kiuno kimepungua. Akasema, "Misuli ikianza kazi mpya inaumia kidogo, na inashika maji wakati inajitengeneza. Hayo maji ndiyo yaliyopandisha mizani. Yataondoka, na maumivu yatakwisha. Ukichomwa ndani ya goti, hapo niambie, tusimame." Nlitaka kumkumbatia, mkono haukupanda.

Nkaendelea, na siwadanganyi, niliendelea kwa hasira. Kila nkichuchumaa na chuma, namuona wifi anacheka. Napata nguvu.

Idi Ndogo ikafika, kwake. Tulipokwisha kula nkainuka bila ya kushika kitu, na sinia zima mikononi, mifupa na yote. Mama mkwe akasema, "Mashaallah. Idi Kubwa tunarudi kwa mke wa kaka." Wifi, kakaa ubavuni pangu, akaninyooshea mkono nimvute. Nkamuuliza kwa upole, "Nikuitie winchi?" Kisha nkamvuta, maana nnaweza.

Namshukuru Mungu. Namshukuru mwalimu, na mume wangu aliyenifunga mtandio asubuhi zile bila ya kucheka. Na nyinyi mnaoumwa, ambao mizani imewapandia, msikimbie. Ni ya kupita.

Basi wifi keshajiandikisha, anaanza Jumapili. Mizani itampandia, atapiga yowe, atataka kujua kwa nini. Nimemuomba mwalimu aniachie mie nimueleze kwamba ni maji, yataondoka. Na ntamueleza. Lakini siku hiyo hapana. Siku hiyo mwacheni alie kidogo.