Zulma Arróspide, Aliyeitafiti Pua Maisha Yake Yote

Ndugu, jamaa na marafiki mliofika hapa Makaburi ya Kaskazini kumsindikiza mama yetu, familia inawasomea maisha yake kama yalivyokuwa, bila kuyapamba, kwa kuwa ndivyo alivyoagiza mwenyewe.

Zulma alizaliwa tarehe 9 Machi 1951 mjini Fray Bentos, mtoto wa pili wa mzee Eusebio Arróspide, mchinjaji katika kiwanda cha nyama, na Bi Orfilia, mshonaji. Alisoma shule ya msingi na sekondari hapohapo Fray Bentos, na mwaka 1969 akaja hapa mji mkuu, Montevideo, kusomea biolojia, masomo yaliyokatizwa na miaka ya utawala wa kijeshi, akalazimika kufundisha hesabu majumbani hadi aliporuhusiwa kurudi na kuhitimu.

Tarehe 12 Januari 1980 alifunga ndoa na marehemu Ruben Techera, fundi wa redio, na tarehe 30 Agosti 1983 wakajaliwa binti yao wa pekee, Ivana.

Mwaka 1986 alianzisha maabara ndogo ya panya, akitafuta jibu la swali moja: kila seli inayonusa puani mwa panya hubeba zaidi ya jeni elfu moja za kunusia, lakini huwasha moja tu na kuzizima nyingine zote, je, huchaguaje? Mwaka 1997, yeye na mwanafunzi wake Fabián Larrosa walitangaza katika makala kwamba wamekipata kipande cha DNA kinachozima jeni hizo, Fabián akapata udaktari kwa kazi hiyo, na watu wakaanza kuwaandikia kutoka nchi za mbali.

Mwezi Mei 2001, akirudia majaribio yale kwa mikono yake, Zulma aligundua kuwa vibandiko vya vizimba viwili vilikuwa vimebadilishwa kimakosa tangu mwanzo, na panya waliowapima hawakuwa wale waliodhani wanawapima. Alimwita Fabián, akamwonyesha.

“Profesa, tukinyamaza nani atajua?” Fabián aliuliza.

“Mimi na wewe tunajua. Na kuna mtu huko atapoteza miaka mitano akifuata kosa letu.”

“Wewe una kazi na una jina. Mimi sina kingine zaidi ya hiki. Unanizika nikiwa hai.”

Wiki iliyofuata Zulma aliandika barua ya kuifuta makala ile, akataja kwamba kosa ni lake yeye aliyekuwa msimamizi, lakini ufadhili ulikatwa, maabara ikafungwa kwa miaka mitatu, na Fabián akaacha utafiti akahamia mji wa Rivera kufundisha sekondari. Zulma alimwandikia kila mwaka, naye hakujibu hata mara moja.

Alianza upya mwaka 2004 akiwa na panya sita, na hadi alipostaafu mwaka 2016 alikuwa ameonyesha, safari hii kwa majaribio yaliyorudiwa na watu wasiomjua, sehemu ndogo tu ya jibu alilolitafuta, jambo ambalo mwenyewe aliliita nusu hatua.

Ruben alifariki mwaka 2011. Mwezi Julai 2017, Ivana alimkuta mama yake jikoni, maziwa yameungua hadi sufuria imekuwa nyeusi, naye ameketi pembeni anakunywa chai ya majani ya mate.

“Mama, husikii harufu?”

“Nina miezi minne sinusi chochote,” alisema. “Usiwaambie jamaa kwanza. Ugonjwa huu huanzia puani. Mikono itafuata, najua.”

Mikono ilifuata, ikaanza kutetemeka kabla ya Krismasi, madaktari wakathibitisha ni ugonjwa wa neva wa Parkinson, na tarehe 3 Juni 2022, saa nane mchana, nimonia ikamchukua akiwa hospitalini, mkono wake ukiwa mkononi mwa Ivana.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, wenzake wa maabara waliokuja kila Alhamisi kumsomea matokeo hata alipokuwa hawezi tena kuzungumza, na majirani wa mtaa wa Reducto, hasa Bi Nilda Pereyra, ambaye kwa karibu miaka mitano aliingia jikoni kwake kila asubuhi, akanusa jiko la gesi, akanusa maziwa na nyama, kisha akamwambia, “Kula, Zulma, ni salama.”

Zulma wetu, sasa pumzika, na amani iwe nawe.