Siku ya Tatu Bila Redio

Asubuhi ile benchi lilikuwa upande wa pili wa barabara, na aliyelizoea angedhani amepotea mtaa. Miaka nenda miaka rudi lilikaa chini ya dirisha la duka la ushonaji la Fundi Sindano, miguu mitatu ya mbao na wa nne wa matofali, ili wanywa kahawa wapate redio ya bure. Juzi wenyewe walilibeba, na matofali yake, wakalivusha hadi ukutani kwa Spana, fundi baiskeli. Watu wazima wenye wajukuu wakabeba benchi mchana kweupe kwa kuogopa barua! Mwenye kutaka kucheka na acheke, ila asikie kwanza.

Barua yenyewe ilisukumwa chini ya mlango wa Fundi Sindano siku ya Jumatatu, kurasa mbili. Ule wa pili, kwa kuwa karatasi yake ilikuwa ngumu na nzuri, Fundi alishaukata kielelezo cha kola kabla hajajua ni kitu gani. Fundi cherehani hana karatasi ya kutupa. Ukabaki wa kwanza, nao ulitosha kumtoa mtu jasho: ofisi ya haki za muziki inawaarifu wote kwamba mahali popote pa kazi ambapo redio inasikiwa na wafanyakazi au wateja panahitaji kibali, kwamba ofisa atapita Jumatano kukagua, kwamba atakayekaidi atachukuliwa hatua za kisheria.

Na Jumatano ndiyo hii. Fundi Sindano, mrefu mwembamba kama jina lake, alikaa pembeni kabisa ya benchi, futi yake ya kupimia kaificha mfukoni, macho hayabanduki kwenye mlango wa duka lake mwenyewe.

— Saa ngapi sasa?

— Umeuliza sasa hivi tu, — Mama Birika, muuza kahawa, alimjibu huku akimmiminia. — Kunywa, mdogo wangu. Umekikaba hivyo, kikombe changu utakivunja.

— Mwache aogope, — alisema Karani. Huyu alistaafu kazi ya ofisini zamani, lakini bado anatembea na kalamu mbili mfukoni, na barua zote za mtaa husomwa naye. — Nimeirudia ile barua mara nne. Inasema watu wanaosikia. Haikusema wanaopenda, haikusema walioomba. Ukipita tu njiani na sikio lako, umeshahesabiwa.

— Ndiyo maana tukahamisha benchi, — Spana akadakia kutoka kwenye gurudumu alilokuwa analiziba. — Pale tulikuwa watu watano sita kila siku, tunasikia. Wangetuchukua sote kama mashahidi.

— Kama washtakiwa, — Karani akamsahihisha.

Fundi alimeza kahawa ikamuunguza ulimi.

— Lakini sasa redio si imezimwa? — Mama Birika akauliza. — Ofisa akija atasikia nini? Kimya.

Spana akaacha gurudumu. Alipunguza sauti, akatazama huku na huku, na wote wakamsogelea hata kama hawakutaka.

— Shemeji yangu anafanya kazi na mtu aliyewaona. Wana kamashine, kadogo, kama kikokotoo. Wanakabandika ukutani. Ukuta unatapika nyimbo zote zilizopigwa humo ndani. Zote! Hata za mwaka juzi.

— Ukuta?

— Saruji inashika sauti, Fundi. Kwani nyumba tupu inavuma kwa nini?

— Usimtishe mwenzio, — Mama Birika alisema, lakini naye alishajitenga na ukuta aliokuwa kauegemea.

Fundi Sindano akaufikiria ukuta wa duka lake. Miaka kumi na moja ya nyimbo, asubuhi hadi machweo, za furaha na za kulia, na matangazo ya sabuni katikati. Akaziona cherehani zake nne zinapakiwa kwenye gari la watu, moja moja, na majirani wamejipanga kutazama.

— Wakichukua cherehani mimi nimekwisha, — alisema. — Sijui kazi nyingine.

— Hawaanzi na cherehani, — Karani alisema kwa sauti ya mtu anayefariji. — Wanaanza na mwenyewe.

— Ebo! Karani! — Mama Birika akamkemea.

— Mimi nasema ukweli. Unafikiri nimekaa ofisini miaka yote nikicheza? Na wewe Mama Birika usijione uko salama. Unapomimina kahawa unaimba.

— Nani, mimi?

— Kila siku. Na hapa unauza. Panapouzwa ni mahali pa kazi.

Mama Birika akashika kifua. Alitazama birika, akatazama vikombe, kana kwamba navyo vingemshtaki.

— Mimi nakohoa tu, — alisema. — Andikeni hivyo. Huyu mama ana kifua, anakohoa.

— Pampu yangu ilikuwa inalia kwa mdundo, — Spana alikiri. — Nimeitia mafuta jana. Sasa haisemi chochote.

Hapo ndipo simu ya Karani ilipoita. Nayo haikuita kistaarabu. Iliimba, wimbo mzima wa harusi, ngoma na vigelegele. Benchi zima likaruka. Karani alipapasa mfuko huu, akapapasa ule, kalamu zikamwanguka, wimbo umeshafika kwenye kiitikio, na alipoipata akaitosa kwenye ndoo ya maji ambayo Spana hupimia mipira iliyotoboka. Viputo vitatu vikapanda juu. Wakatazamana wanahema.

— Alikuwa mwanangu, — Karani alisema, akiitazama ndoo. — Hupiga mara moja kwa mwezi.

Hakuna aliyecheka. Hofu ilikuwa imeshawaingia mpaka kwenye kucha, na sasa kila mtu aliyepita na mkoba alikuwa ofisa. Alipita muuza mayai, wakanyamaza. Alipita mwalimu na madaftari yake, wakamsalimia kwa heshima ya ajabu hadi akageuka nyuma kuwatazama.

— Dada Mkubwa anaendeleaje? — Mama Birika akauliza ili kubadilisha maneno.

Heri asingeuliza. Fundi Sindano aliinamisha uso, akawa anazungusha kikombe kitupu mikononi.

Dada Mkubwa ni dada yake wa tumbo moja, aliyemlea tangu mama yao alipofariki, na ndiye aliyemfundisha kutunga uzi kwenye sindano akiwa hajaanza hata shule. Miaka miwili nyuma kiharusi kilimpiga upande wa kulia. Mkono ukawa mzito, hauna habari na mwenyewe. Daktari akasema autumie kila siku. Usipotumika utalala moja kwa moja. Wakajaribu hili na lile, wapi. Mpaka siku moja dukani, redio inacheza, Fundi akageuka na kumwona dada yake anashona kifungo, mkono unafuata wimbo, polepole, lakini unafuata. Wimbo ukiisha, mkono unasimama. Wimbo ukianza, unaamka. Tangu hapo redio haikuzimwa, na vifungo vyote vya duka lile ni vya Dada Mkubwa.

— Toka Jumatatu ameshona kifungo kimoja, — Fundi alisema. — Kimoja! Jana nilimwona anaushika ule mkono kwa mkono mwingine, anausukuma. Haukwenda. Naogopa, Mama Birika. Naogopa hata kumtazama.

— Umemweleza kwa nini umezima?

— Karani alisema nisimweleze.

— Nilisema, ndiyo, — Karani alijibu, lakini safari hii hakuinua kichwa. — Dada yako hajui kudanganya. Ofisa akimuuliza mnasikiliza nini, atamtajia nyimbo, watangazaji, na saa za vipindi.

— Na daktari naye alisema asishtuliwe. Sasa nimwambie serikali inakuja kutuchukulia cherehani? Nikanyamaza. Nilichomoa waya mbele yake, nikaifunga redio kwenye kitambaa cha bitana, nikaisukumia kabatini. Alinitazama tu.

— Basi leo nani yuko naye mle ndani? — Mama Birika akauliza. — Wale mafundi wako wawili?

— Nimewapa ruhusa. Karani alisema watu wakiwa wengi, midomo ni mingi.

— Yuko peke yake?

— Karani alisema mwenye duka asipoonekana, hakuna wa kukabidhiwa mashtaka.

Mama Birika aliweka birika chini. Alimtazama Fundi, akamtazama Karani, akamrudia Fundi.

— Yaani umemtanguliza mgonjwa.

Neno lile lilimchoma. Kweli, alikuwa kamtanguliza. Yeye mwanamume mzima, kavuka barabara kajificha nyuma ya kikombe cha kahawa, na dada yake aliyembeba mgongoni kamwacha akutane na hao watu. Fundi Sindano akainuka. Alikuwa ameshapiga hatua mbili alipomwona mwanamke mwenye mkoba mweusi anasimama mbele ya duka, anasoma kibao, anabisha hodi, anaingia.

— Ndiye, — Spana akanong'ona.

Fundi akageuka. Alirudi kwenye benchi kwa kuanguka, si kwa kukaa.

— Kamashine unakaona? Ameshika kamashine?

— Ameshika kalamu, — Spana alisema, akichungulia dirisha la duka ng'ambo.

— Anapima ukuta?

— Amevuta kiti. Amekaa. Anazungumza na Dada Mkubwa.

— Anamhoji, — Karani alisema, na uso ulikuwa umemwisha damu. — Mungu wangu, anamhoji.

— Nenda, Fundi! — Mama Birika alimsukuma begani. — Nenda, huyo ni dada yako!

Alitaka kwenda. Kichwani alikuwa na jambo moja tu: Dada Mkubwa anashtuka, mdomo unapinda upande kama siku ile, na safari hii haamki. Alijiambia atainuka. Alijiambia tena. Dakika zikaenda, na yule mwanamke hakutoka. Alipotoka alitoka peke yake, akauvuta mlango taratibu, akatazama kushoto na kulia, akaliona benchi.

Akavuka barabara. Spana alianza kujaza upepo gurudumu lililokwisha kujaa. Karani alikuwa anatazama mawingu.

— Habari za asubuhi. Namtafuta Fundi Sindano. Nimeambiwa yuko hapa.

Pampu ikasimama.

— Ni mimi, — Fundi alisema.

Mwanamke akaketi kwenye nafasi iliyokuwa wazi bila kukaribishwa. Alikuwa mtu wa makamo, viatu vimejaa vumbi la mitaa yote aliyopita. Kutoka kwenye mkoba akatoa karatasi iliyokatwa kwa umbo la kola, akainyoosha gotini.

— Ukurasa wa pili nimeukuta mezani kwako. Nusu yake haipo, lakini nakuambia kilichoandikwa. Chumba kimoja, wafanyakazi wachache, unajaza fomu, ada ni ndogo, ya mwaka mzima. Redio inaendelea. Hatujaandika popote kwamba mtu azime. Tunataka tu mwanamuziki naye apate chake.

— Inaendelea? — Fundi aliuliza.

— Hata leo. Jaza kwanza, malipo utaleta mwisho wa mwezi.

Pumzi aliyoizuia tangu Jumatatu ikamtoka Fundi Sindano yote kwa mkupuo. Spana akacheka kwa sauti, akapiga paja. Mama Birika akanyanyua birika, na kabla hajamaliza kumimina alikuwa ameshaanza kuimba chinichini. Hata Karani alitabasamu, akaanza kueleza kwamba yeye toka mwanzo aliona ile barua ina kasoro.

Mwanamke hakucheka. Alipokea kahawa, hakuinywa.

— Kuna jingine, — alisema. — Yule mama mle ndani. Nimemkuta na shati mapajani, sindano ina uzi, hashoni. Nikamuuliza redio iko wapi. Akanishika kwa ule mkono wake mzima, akaning'ang'ania. Alidhani umenileta nichukue nafasi yake.

Kicheko cha Spana kikaishia njiani.

— Ameniambia, mdogo wangu kanizimia redio, leo siku ya tatu, hasemi nami, hanitazami usoni. Kama ni kwa sababu nashona polepole, aseme tu, nitarudi nyumbani. Kisha akaniuliza swali, akawa ananisubiri nijibu.

Akawatazama mmoja mmoja, bila hasira, kama mtu aliyepotea anayeuliza njia.

— Mimi kazi yangu ni fomu, sikuwa na la kumwambia. Nyinyi ndio mnaomfahamu. Anauliza amekosa nini.

Karani aliinama kuziokota kalamu zake. Mama Birika aliacha kuimba. Fundi Sindano alikuwa amekwisha kusimama. Safari hii hakurudi nyuma, akaivuka barabara bila kutazama magari, mpaka mlangoni kwake. Kwa kioo alimwona dada yake ameketi na lile shati, ameuinamia mkono wake. Alishika kitasa, akaingia, akaketi mbele yake na kumtazama usoni.