Kioo Kilichooshwa kwa Majivu ya Ndizi

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo. Kama kuna sufuria jikoni, ipunguzieni moto. Leo tunamkumbuka mtu ambaye habari yake haitaki haraka.

Jumamosi iliyopita, huko Sambasha, upande wa magharibi wa Mlima Meru, alizikwa Bibi Nasieku. Nasieku, mjane wa Loishiye. Aliishi miaka zaidi ya themanini. Wengi waliokwenda kumzika walimfahamu kwa migomba yake na maziwa yake. Wachache walifahamu kwamba mwaka 1912, enzi za Wajerumani, mama huyu aliosha kipande cha kioo, na kwa kioo hicho ng'ombe wa bonde zima wakaepuka risasi.

Kioo chenyewe ni kidogo. Urefu wa kidole cha kati, upana wa vidole viwili. Kiwekeni akilini.

Mwaka ule wa 1912 Nasieku alikuwa mwanamke kijana, lakini tayari mjane. Mumewe alikuwa amefariki kwa kichomi mwaka uliotangulia. Alimwachia watoto wawili, shamba la migomba, na ng'ombe kumi na tisa. Ng'ombe kumi na tisa, wasikilizaji wapendwa. Hao ndio waliokuwa maziwa ya watoto, na ndio waliomfanya mjane abaki kwenye boma lake mwenyewe badala ya kugawiwa kwa ndugu kama kigoda.

Siku ya Jumatatu alifika bomani kwake daktari wa ng'ombe wa serikali, Mjerumani. Alikuta mtamba mmoja amekufa na ng'ombe wawili wanaumwa. Mmoja wao alikuwa Narok, ng'ombe mweusi aliyependwa kuliko wote. Narok alikuwa na homa. Macho yalitoka machozi, puani kulikuwa na povu. Daktari alimtazama kwa muda mfupi, akasema neno moja.

"Sotoka."

Sotoka ile kubwa ya miaka ishirini nyuma watu walikuwa hawajaisahau. Ilimaliza ng'ombe hata watu wakachemsha ngozi wakala. Na sotoka huruka kutoka ng'ombe hadi ng'ombe. Kwa hiyo daktari alitoa amri. Ijumaa asubuhi askari watakuja, na ng'ombe wote wa bonde lile watapigwa risasi, wagonjwa na wazima. Tusimlaumu upesi. Alikuwa peke yake kwa nchi kubwa, na hofu yake ilikuwa na sababu.

Nasieku alikwenda kwa Narok, akapitisha mkono chini ya sikio. Tezi ilikuwa imevimba kama yai la kanga.

"Hii ni oltikana," alisema.

Aliyetafsiri alikuwa msaidizi wa daktari, Bwana Jamaldini. Mtu mzima, mwenyeji wa Pangani, aliyekuja na misafara akaoa Arusha na kujifunza Kimaasai cha sokoni. Alimweleza daktari kwamba mama anasema ni ndigana, ule ugonjwa unaoletwa na kupe. Ndigana huua, lakini ng'ombe hampi mwenzake kwa kusimama karibu naye. Kama ni ndigana, hakuna haja ya bunduki.

Daktari alijibu, "Kila mtu anaipenda ndigana siku bunduki ikitajwa." Kisha akafikiri kidogo. "Sawa. Akisema ni ndigana, ailete kwenye kioo. Mpe vioo viwili. Vipya ndivyo hivyo tu nilivyo navyo."

Jamaldini alimwonyesha. Tone dogo la damu hapa, unalipaka hivi, liwe jembamba, likauke. Daktari atalitia rangi na kulitazama kwa hadubini, chombo kinachokuza mambo madogo yasiyoonekana.

Jumanne, shemeji yake Saruni, kaka mkubwa wa marehemu Loishiye, alichukua upinde na mshale wenye kizuizi, ule wa kutolea damu ya kunywa. Alimpiga Narok kwenye mshipa wa shingo, kwa ustadi, kama alivyofanya maisha yake yote. Nasieku akakinga tone kwenye kioo.

"Damu ndogo hivyo," alisema Saruni, "huyo daktari anafunga?"

Nasieku alitembea saa tatu hadi Arusha mjini. Jamaldini alikitazama kioo, akatikisa kichwa. Damu haikuenea. Ilikuwa imejikusanya matone matone, kama maji juu ya jani la mgomba. Daktari aliinama kwenye hadubini, akasema anaona mashimo matupu.

Jamaldini aliviona vidole vya Nasieku. Vilikuwa vinang'aa. Mafuta ya ng'ombe, wasikilizaji wapendwa. Mwanamke wa Kiarusha wa wakati ule alijipaka mafuta, mwili ukapendeza. Lakini damu na mafuta havikai pamoja kwenye kioo. Mafuta ya vidole ndiyo yaliyoharibu kioo cha kwanza.

Jumatano Jamaldini mwenyewe alipanda Sambasha. Alikuja na sindano na neno la daktari: safari hii si damu ya shingo, ni maji ya ile tezi iliyovimba. Mdudu wa ndigana hujificha humo. Wakachoma tezi, wakapaka kioo cha pili. Kikakauka vizuri, kikaenea vizuri. Jamaldini alikishika kingo zake tu, akarudi nacho mjini, akakiweka dirishani kwa daktari, akaenda kula.

Alhamisi Nasieku alifika kusikia majibu. Alimkuta Jamaldini amekaa nje, kofia magotini.

"Mama, nimekukosea," alisema.

"Daktari ameona nini?"

"Hakuna cha kuona. Nzi wamekula."

"Wamekula nini?"

"Wamekula Narok wako. Kioo kizima. Nimerudi nimekikuta cheupe kama maji ya mto."

Nasieku hakumgombeza. Bintiye, Mama Resiato, alituambia hivi: "Yeyo, yaani mama yangu, alisema alimwonea huruma, kwa sababu mtu mzima yule alikuwa karibu kulia. Akamwuliza kama hakuna vioo vingine, hata vibovu."

Vilikuwepo. Sanduku zima, chini ya meza. Vioo vilivyokwisha kutumika, vyenye rangi na mafuta ya miezi mingi. Sabuni haikuviweza. Spiriti ilibaki chupa moja, nayo ilihitajika kwa kazi nyingine.

"Hivyo ni maiti, mama," alisema Jamaldini.

"Nipe maiti watano."

Nyumbani, Nasieku alichoma maganda makavu ya ndizi. Majivu yake aliyaloweka, akayachuja. Kila mwanamke wa mlimani alijua kwamba maji yale hula mafuta. Ndiyo yaliyoondoa mafuta kwenye ngozi na kwenye vyombo. Akavichemsha vioo humo, akavisuuza kwa maji ya kijito, mara moja, mara mbili, mara tatu. Kisha akaosha mikono yake mwenyewe kwa maji yale yale, hadi viwiko, mpaka ngozi ikakauka na kuwasha.

Saruni alimtazama. "Shemeji, umejisugua kama unakwenda kuolewa na huyo Mjerumani."

"Shika kichwa cha ng'ombe," alisema Nasieku. "Mdomo wako hatuuhitaji."

Akachoma tezi ya Narok kwa sindano aliyoachiwa na Jamaldini. Akapaka kioo kimoja. Kikakauka mbele ya macho yake huku akifukuza nzi kwa mkia wa ng'ombe. Kisha akakitumbukiza kwenye kibuyu kipya, kikavu, ambacho hakijawahi kutiwa maziwa, akakifunika kwa kifuniko chake. Nzi hawana mlango wa kibuyu.

Ijumaa kulipopambazuka alikuwa njiani. Alipofika mjini, askari walikuwa wamekwisha jipanga, bunduki begani. Daktari alikuwa anapanda nyumbu wake.

Nasieku alimpita daktari, akaenda moja kwa moja kwa Jamaldini, akampa kibuyu.

"Tumechelewa," alisema daktari. "Kutia rangi ni nusu saa."

Jamaldini, ambaye kwa miaka yote hakuwahi kumjibu bwana wake, alisema taratibu, "Bwana, risasi hazichachi."

Daktari alibaki mguu mmoja chini, mguu mmoja kwenye kikanyagio. Kisha akashuka.

Nusu saa ile, wasikilizaji wapendwa, Nasieku alikaa kwenye ngazi. Askari walisimama juani. Ndani, spiriti ilimwagwa, kisha rangi, kisha maji. Daktari akaweka jicho kwenye hadubini. Alisogeza kioo kidogo. Akasogeza tena. Alikaa muda mrefu hata Jamaldini akadhani amesinzia.

Halafu daktari akainuka kwenye kiti chake. Alimwita Nasieku kwa mkono, akamwonyesha kiti.

"Kaa," alisema.

Nasieku alikaa. Akafumba jicho moja kama alivyoelekezwa. Aliona nini? Mama Resiato anayakumbuka maneno ya mama yake: "Yeyo alisema, niliona shanga. Shanga za bluu, na ndani ya kila shanga punje nyekundu. Nikamwambia Jamaldini, nani ameingiza shanga ndani ya ng'ombe wangu?"

Zilikuwa alama za ndigana. Ndigana, wala si ugonjwa mwingine.

Daktari alikuwa mtu wa utaratibu. Alisema kioo kimoja kinamsemea ng'ombe mmoja, si bonde zima. Lakini aliwaambia askari watoe risasi kwenye bunduki. Kisha akauliza sanduku la vioo vichafu lina vingapi.

Siku mbili zilizofuata, Nasieku na Jamaldini waliosha vioo sitini kwa majivu ya maganda ya ndizi. Wanawake wa bonde walileta maganda kwa vikapu. Daktari alipita boma kwa boma, akaangalia midomo ya ng'ombe kama ina vidonda vya sotoka. Hakuviona. Ng'ombe kumi na mmoja waliokuwa wagonjwa walichomwa tezi. Kila mmoja kioo chake, kila kioo ndani ya kibuyu. Jumapili jioni daktari alikuwa ameona shanga zile kwenye vioo vyote kumi na kimoja.

Amri ikafutwa. Ng'ombe wazima wakahamishiwa juu, kwenye baridi, ambako kupe ni wachache. Kupe wakatolewa kwa mkono, sikio kwa sikio. Narok alikufa. Ndigana haikuwa na dawa. Lakini kati ya ng'ombe kumi na tisa wa Nasieku, walibaki kumi na watano. Na bondeni kote walibaki mamia.

Saruni alikuja na mtamba wake mzuri, akamfunga mlangoni kwa shemeji yake. "Huyu ni badala ya Narok," alisema. "Na mdomo wangu nimeuacha nyumbani."

Mpaka vita vilipofika, Nasieku aliendelea kuosha vioo kwa daktari yule. Hakuna aliyemfundisha kutia rangi. Alitazama, akajaribu, akaweza. Baada ya muda daktari alipokuwa safarini, ni Nasieku na Jamaldini waliotazama, nao waliandikiwa ujumbe kutoka mabonde mengine: leteni vibuyu vyenu. Kisha Wajerumani wakaondoka, na hadubini ikaondoka nao. Kioo cha Narok alibaki nacho Nasieku.

Mjukuu wake, Nathanaeli, leo anafundisha mambo ya mifugo Tengeru. Anasimulia kwamba mwaka jana alimchukua bibi yake hadi darasani kwake, na kibuyu kile mapajani.

"Niliweka kioo chini ya hadubini," anasema. "Rangi imefifia. Nikatafuta, nikatafuta. Shanga mbili bado zipo. Nikainuka kwenye kiti changu, nikamwambia bibi yangu, Koko, kaa. Akatazama. Akasema, 'Narok, kumbe bado uko.' Wanafunzi wote walisimama."

Wasikilizaji wapendwa, tunawapa pole Mama Resiato, Bwana Nathanaeli, na ukoo wote wa Loishiye huko Sambasha. Tunawapa pole pia watoto wa marehemu Bwana Jamaldini, ambao walikuja kumzika Bibi Nasieku wakiwa wamebeba kikapu cha maganda ya ndizi, na kila mtu mzima pale alielewa. Ng'ombe waliopitishwa kando ya kaburi jioni ile ni uzao wa wale kumi na watano.

Wajukuu wanasema walipogombana na kwenda kwake kushtakiana, Bibi Nasieku hakuuliza nani mkosa. Aliwatazama mikono, akawaambia jambo moja tu. Usiku wa leo, kabla hujasema jirani yako ana kasoro gani, lifikirie neno hilo la Nasieku wa Sambasha:

"Osheni kioo kwanza."