Theognosia na Mizabibu Kumi na Mmoja

*Wasifu wa marehemu Theognosia Pieri (1941–2023), unaosomwa na mkamwana wake, Loukia, katika kanisa la Kato Mersini, tarehe 16 Novemba 2023*

Padre Neofytos, ndugu, majirani, nanyi mliotoka Limassol tangu alfajiri: marehemu aliacha agizo kwamba wasifu wake niusome mimi. "Evagoras asisome," alisema kuhusu mwanawe, mume wangu. "Atalia kabla hajafika kwenye habari za shule. Asome mkewe. Huyo ana ulimi." Basi nausoma, na kwa usalama wangu tarehe nimezitoa kwenye daftari lake mwenyewe.

Theognosia alizaliwa tarehe 12 Machi 1941 hapa Kato Mersini, mtoto wa tatu wa mzee Kleanthis na bi Maritsa. Baba yake alikuwa na shamba la mizabibu kule juu ya korongo, mbali na mashamba ya wengine. Huko ndiko alikojifunza kutembea, akijishika kwenye mashina.

Alisoma shule ya msingi ya kijiji kuanzia 1947 hadi 1953, akawa wa kwanza miaka yote sita. Alitamani kuendelea na masomo mjini Pafo, lakini baba yake alitaka mikono ya kazi shambani. Jambo hilo lilimuuma hadi uzeeni na hakulificha. Alijiliwaza kwa kuandika: mvua imenyesha lini, maua yamefunguka lini, nani kaugua, nani kaongea upuuzi. Wengi wenu mmo humo.

Kuanzia 1961 hadi 1988 alikuwa karani wa duka la ushirika. Mtu aliyekuja kununua sigara huku anakohoa alirudishwa nyumbani na mfuko wa ndimu.

Tarehe 27 Oktoba 1963 alifunga ndoa na Pieris, akahamia kwenye ua mmoja na mama mkwe wake, bi Anthousa. Hapa sina budi kusema ukweli, maana nyote mnaujua. Kwa desturi yetu binti wa kwanza hupewa jina la mama wa baba yake. Binti alipozaliwa mwaka 1966, Theognosia alimwita Maritsa, jina la mama yake mwenyewe aliyekuwa amefariki miezi michache tu kabla. Anthousa akanuna, na kununa kule kukadumu miaka ishirini na minane. Nilipoolewa mwaka 1990 niliwakuta wanapika jiko moja na kuongea kupitia baba mkwe wangu. Asipokuwepo, waliongea kupitia paka.

"Paka, mwambie huyo mwanamke chumvi imezidi."

"Paka, mwambie asiyetaka asile."

Nilimwambia Evagoras kuwa nimeolewa kwa wendawazimu. Akanijibu nitazoea, na kweli nilizoea.

Sasa nije kwenye mizabibu. Miaka ile kila mtu hapa alikuwa akiing'oa mizabibu ya zamani na kupanda ya kigeni. Katika shamba la mzee Kleanthis ilibaki mizabibu kumi na mmoja ya Karvouna, ile zabibu yetu nyeusi kama makaa ambayo babu zetu walitengenezea divai. Hakuna aliyejua kama imebaki kwingine. Marehemu, ambaye sasa alikuwa amestaafu, aliapa kwamba haitafia mikononi mwake. Majira ya baridi ya 1991 alikata vipandikizi mia nne, akavipanda kwenye matuta yaliyopakana na shamba hilo, Karvouna tupu. Na ili ile mizee kumi na mmoja ipate kupumua, akang'oa mizabibu myeupe ya kawaida iliyokuwa imechanganyika nayo tangu enzi za baba yake.

Mwaka uliofuata ile mizee ilichanua, kisha maua yakapukutika yote bila kutoa hata zabibu moja. Mwaka 1993 vivyo hivyo. Mwaka 1994 hata ile mizabibu michanga ilianza kuchanua na kupukutisha, na mkahawani wakampa jina la utani: Bibi Majani. Alikonda. Bwana shamba alikuja, akatazama, akasema mbegu imezeeka, ing'olewe. Theognosia alishika jembe lake akalia mbele ya watu, kitu ambacho sikuwahi kukiona. Evagoras akaambiwa alete trekta Jumatatu.

Jumapili ile, mwishoni mwa Mei, tulikuwa uani tunakula. Anthousa, mwenye miaka themanini na minane, aliweka kijiko chini.

"Paka," akasema, "mwambie huyo mwanamke kwamba Karvouna hazai peke yake. Ua lake ni la kike. Amemfukuza mume, yule mweupe, halafu anamwita mke tasa."

Theognosia hakumtazama paka. Alimtazama mama mkwe wake.

"Mama, umelijua hilo miaka yote mitatu?"

"Tangu nikiwa msichana."

"Na ukakaa kimya?"

"Hukuniuliza."

"Ningekuulizaje na wewe hunisemeshi?"

"Ndiyo nakusemesha sasa. Lete mkasi, acha maneno."

Yule mume alikuwa juu ya vichwa vyetu. Mzabibu mweupe wa Anthousa, uliotupa kivuli pale uani, ulikuwa umejaa maua. Tulikata matawi ndoo nne, tukampakia bibi kwenye gari la Evagoras, na kule shambani akatuelekeza kwa fimbo mahali pa kuyaning'iniza, katikati ya maua yaliyosalia ya ile mizee kumi na mmoja, ili chavua iyafikie. Trekta haikwenda Jumatatu. Mwezi Septemba mizee ile ilitoa vichala ishirini na saba. Daftari limeviorodhesha kimoja kimoja, pamoja na kile alichokila Anthousa peke yake, akikataa kugawa.

Majira ya baridi walipanda vijiti vya ule mzabibu wa uani katikati ya Karvouna, kimoja kila baada ya mizabibu mitano. Anthousa alifariki tarehe 9 Februari 1995, kabla divai haijapatikana. Padre alipommiminia mafuta na divai kaburini, kama ilivyo ada, ilikuwa divai ya dukani. Nilimsikia Theognosia akinong'ona, "Nisamehe, mama. Nimechelewa."

Mwaka huohuo nilijifungua binti, na kwa desturi jina lilikuwa haki ya Theognosia. Aliingia chumbani, akambeba mtoto, akasema, "Langu liacheni. Mwiteni Anthousa." Nililia, naye akaniambia nisimloweshe mtoto.

Divai ya kwanza ilipatikana mwaka 1999. Tangu hapo aligawa vipandikizi kwa kila aliyeomba, kila fungu na vijiti vyake vya mzabibu mweupe. Leo Karvouna inalimwa na familia sitini na moja katika vijiji tisa, wakiwemo wale wa mkahawani. Anayetengeneza divai yake hapa kwetu ni Anthousa mdogo, na anaitengeneza vizuri kuliko sisi sote.

Pieris alifariki mwaka 2009. Marehemu alianza kuugua moyo Februari 2022, akaendelea kupogoa akiwa ameketi kwenye kiti. Mwezi huu mjukuu wake alimpelekea kijiko cha divai mpya kitandani. Akaonja. "Bado changa," akasema, "lakini ina akili." Alifariki nyumbani asubuhi ya tarehe 14 Novemba 2023, akiwa na miaka themanini na miwili.

Ameacha binti yake Maritsa, mwanawe Evagoras, mimi mkamwana wake niliyempenda sana japo sikumwambia inavyopasa, wajukuu wanne, vitukuu wawili, na paka.

Nafasi ya kaburi aliichagua mwenyewe: upande mmoja Pieris, upande wa pili Anthousa. Chupa aliyoishika Padre Neofytos ni ya Karvouna, imetoka kwenye ile mizee kumi na mmoja. Tunakuomba, Padre, usiimimine kwa kubania. Upande wa pili yupo mtu ambaye hajawahi kuionja divai hii.

Udongo uwe mwepesi juu yako, mama. Pumzika, na muongee.