Kimeangukia Wapi?

Basi lilipotoka hospitalini, fundi cherehani alitega sikio, ingawa umbea si kazi yake. Mbele yake binti alimsimulia mama asiyemjua: "Nesi hakuona uzi wa kitanzi changu cha uzazi wa mpango. Akasema kimeanguka chenyewe, akaniwekea kingine. Leo eksirei imeonyesha viwili. Cha kwanza kilitoboa kizazi, kimehamia tumboni."

"Ungemuuliza kimeangukia wapi, mwanangu."

"Mama, unamuulizaje mwenye koti jeupe?"

"Kwa mdomo!"

Fundi alikubaliana na mama. Kiwandani kwao sindano ikikatika, hanyanyuki mtu mpaka vipande vyote vipatikane. Halafu akakumbuka. Naye aliwahi kuambiwa na nesi kuwa kitanzi chake kimeanguka, akajibu, "Asante, dada."

Basi liliposimama, alishuka, akavuka barabara kusubiri la kurudi hospitalini.