Rosebella Nabalayo: Miaka Thelathini na Mitatu ya Kuuliza Nani Anaenda

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Mama Rosebella Nabalayo anastaafu baada ya kuitumikia serikali kwa miaka thelathini na mitatu na miezi minne, yote hapa hapa Eldoret. Barua yake ya ajira inasema yeye ni Afisa wa Mawasiliano katika Ofisi ya Uratibu wa Dharura ya Kanda. Cheo hicho hakuna anayekitumia. Kuanzia bawabu hadi kanali, sote tunamwita Mama Ubao, na atakayenivumilia kurasa hizi chache ataelewa ni kwa nini.

Kamati ya maandalizi imenipa mimi, Phineas Kuria wa vifaa, kazi ya kuandika wasifu huu. Walisema ni kwa sababu nimefanya kazi naye muda mrefu kuliko wengine. Ukweli ni kwamba makosa mengi aliyoyarekebisha yalikuwa yangu, kwa hivyo nayakumbuka vizuri.

Mama Rosebella alifika mjini kutoka Kimilili akiwa na cheti cha kupiga chapa na sanduku la bati. Aliajiriwa kuwa opereta wa simu katika ofisi ya wilaya, enzi zile ambapo kuongea na Nairobi kulihitaji waya, subira na sauti ya mwalimu wa gwaride. Sauti anayo mpaka leo. Alikodi chumba mtaa wa Munyaka, na kwa kuwa majirani zake walikuwa wakigombana kwa Kikuyu, naye hapendi kupitwa na neno, alijifunza lugha hiyo ndani ya mwaka mmoja. Akawalea wanawe wawili pale, akajenga, akaingia kwaya ya kanisa. Kuhusu kuimba kwake nitasema tu kwamba ana bidii.

Serikali ilipobadilika, naye akabadilishiwa ofisi mara nne bila kubadilisha meza. Kuna zoezi moja alilolianzisha mwenyewe na hakuwahi kuliacha. Kila Jumatatu saa mbili asubuhi alipigia simu kila mtu aliyekuwa kwenye orodha yake ya dharura: machifu, madaktari, wenye malori, wenye trekta, mapadri, na hata mwenye mashine ya kukata miti kule njia ya Soy. Hakuwa na jambo la kuwaambia. Alitaka tu kuhakikisha namba bado inaita na mwenyewe bado anaitika. Sisi tuliliita zoezi hilo maombi ya asubuhi. Hata mimi niliyekaa meza ya pili alinipigia. Siku moja nikamwambia, "Mama, si unaniona?"

"Kukuona nakuona," akajibu kwenye simu. "Nataka kujua kama unashika."

Sasa tuje kwenye ubao, na hapo itabidi nijianike kidogo.

Wasomaji wetu wanajua kwamba janga kubwa likitokea, serikali haiji kama mtu mmoja. Inakuja wizara ya huku na wizara ya kule, jeshi, polisi, kaunti, watu wa hali ya hewa, watu wa barabara, mashirika, makanisa. Kila mmoja ana mkubwa wake na kila mmoja ana nia njema. Miaka kumi na minne iliyopita mvua ya mawe ilipiga upande wa Ainabkoi ikang'oa na kutoboa mapaa ya familia mia moja na arobaini, zikahamia katika shule ya msingi. Tulifanya mkutano mzuri sana. Mimi nilikuwa mwandishi wake, na muhtasari ule bado naukumbuka kwa uchungu: "Idara husika italeta sufuria. Mashirika yatashughulikia kuni. Wadau wataleta mablanketi."

Kumbe kila aliyekuwa mle ndani alijiona kuwa mdau. Yaliletwa mablanketi elfu moja na mia tisa. Malori saba, mablanketi matupu. Kulikuwa na magunia matatu ya maharagwe, lakini sufuria hata moja haikuonekana, wala kipande cha kuni. Mpishi wa shule, mama mmoja aitwaye Wacera, alinitazama nikiwa nimesimama kwenye ule mlima wa mablanketi na daftari langu mkononi, akaniuliza mbele ya watu wote, "Sasa mheshimiwa, haya maharagwe nitayapikia ndani ya blanketi?"

Na ile idara husika ya sufuria ilikuwa ni mimi. Mimi mwenyewe nilikuwa sijui.

Mama Rosebella hakunikaripia. Alienda kwenye shule moja ya chekechea iliyokuwa imefungwa, akaomba ubao wao mweusi, akaubeba kwa mkokoteni hadi ofisini. Akauchora safu mbili tu: Kazi, na Jina. Kisha akatangaza sheria zake. Safu ya jina haiandikwi wizara, idara, kamati, wadau wala sisi. Inaandikwa jina la mtu mmoja, mwenye mwili na simu. Mtu huyo anashika chaki na kujiandika kwa mkono wake. Na mkutano haufungwi ikiwa kuna mstari usio na jina.

Nimeona watu wakubwa wakisumbuliwa na ile chaki. Kanali mmoja aliomba jina lake liandikwe na msaidizi. Mama akampa kitambaa cha kufutia mikono, akasubiri. Mkurugenzi mmoja alijiandika kwa herufi ndogo sana kwenye kona, akaambiwa kwa heshima zote, "Mzee wangu, huko juu hata wewe mwenyewe hutajiona." Lakini toka siku ile, katika mafuriko, moto na ajali zote tulizoshughulikia, hatujawahi tena kupeleka mablanketi ya kutosha mikoa miwili.

Halafu kukaja Aprili mwaka jana.

Mvua ilikuwa imenyesha siku tano. Jumanne saa saba mchana, mlinzi wa bwawa la Chemalit, bwawa la udongo la shamba moja la kibinafsi huko mbele ya Soy, alipiga simu kusema ukuta umepata ufa na maji ya rangi ya chai yanatoka chini yake. Bondeni chini ya ukuta ule kulikuwa na maboma mia mbili na kumi na manne. Kufika saa nane chumba chetu kilikuwa kimejaa, na ukutani kwenye skrini kulikuwa na Nairobi: kamati nzima ya kitaifa, ikiongozwa na Bwana Wahome.

Ubao ulijaa haraka. Mhandisi Lynette Akello alijiandikisha kufungua njia ya maji. Kanali alijiandikisha malori, safari hii bila kuombwa. Wengine walichukua barabara, hospitali, shule ya kupokelea watu. Mstari wa tisa uliandikwa: Kuwatoa watu bondeni. Safu ya jina ilikuwa wazi.

Bwana Wahome, ambaye alikuwa na janga lingine la kushughulikia upande wa mashariki saa hiyo hiyo, alianza kukusanya karatasi zake. Mama Rosebella akasimama.

"Samahani, Bwana Mwenyekiti. Mstari wa tisa hauna mtu."

"Mama, wananchi wameshajulishwa."

"Na nani?"

"Na mfumo. Ujumbe umetumwa kwa simu zote."

"Sawa. Na huyo Mfumo nimwandike jina la pili gani?"

Mtu mmoja huko Nairobi alikohoa. Hebu fikirieni: mwanamke aliyebakiza mwaka mmoja astaafu, wa daraja la chini kuliko karibu kila aliyekuwepo, anazuia mkutano wa taifa kufungwa. Lakini alikuwa ameuliza swali ambalo sote tulidhani mwenzetu amelijibu. Kaunti ilijua chifu amewaambia watu. Chifu alikuwa mazishini Webuye, akijua polisi wamewaambia. Polisi walijua mwenye shamba amewaambia. Na kule bondeni stima ilikuwa imepotea siku tatu. Simu zilizopata ule ujumbe zilikuwa zimezimika mifukoni.

Mimi nilikuwa naangalia viatu vyangu, ambavyo siku hiyo vilikuwa vya kupendeza mno.

Alingoja. Hakuna aliyesogea. Basi akachukua chaki akaandika kwenye mstari wa tisa: Rosebella Nabalayo. Hakuwa afisa wa nyanjani, hakuwa na gari, na magoti yake yanamsumbua. Kama wale watu wangekufa, jina lililokuwa ubaoni ni lake. "Sasa mnaweza kufunga," akasema, akaketi na kuvuta simu.

Mtu wa kwanza aliyempigia alikuwa Maurice Murunga, msimamizi wa wabebaji maziwa wa chama cha wafugaji cha upande ule. Sikumwelewa. Maziwa? Lakini kila Jumatatu alikuwa anampigia huyo Murunga, na alijua jambo ambalo hakuna ramani ya serikali inayolijua: vijana wa maziwa hufika kila lango alfajiri, wanajua nani ana mgonjwa ndani, nani ni kiziwi, nani ana mbwa mkali. Na pale wanapopoza maziwa kuna jenereta, kwa hivyo simu zao zina chaji.

Pikipiki thelathini na moja zikateremka bondeni, kila moja na malango yake. Boma likitoka, mbebaji anapiga simu, Mama anatia alama. Nami nikatumwa na gari la ofisi. Aliniambia hivi: "Phineas, nenda ukawe miguu yangu. Na tafadhali usipeleke blanketi."

Kufika saa kumi na moja, maboma mia mbili na kumi na matatu yalikuwa yametoka. Lililobaki lilikuwa la Mzee Wanyoike, mkulima wa miaka themanini na mmoja, na mimi ndiye niliyekuwa mlangoni kwake, matope magotini, nikimsihi. Nilimweleza kuhusu sentimita na ujazo wa maji. Akaniuliza mimi ni mtoto wa nani. Nikamweleza tena. Akasema nyumba hiyo aliijenga kabla sijazaliwa. Nikashindwa, nikampa simu, nikaiweka sauti ya juu.

"Guka, ni Rosebella wa Munyaka. Umeshindaje?" Alimwita babu na kumsalimia kwanza kwa Kikuyu, vizuri kuliko ninavyosalimia mimi.

"Nimeshinda salama, mwanangu. Lakini siendi. Malkia anazaa."

"Malkia ni ng'ombe?"

"Si ng'ombe tu. Ni lita ishirini na mbili."

"Amefika wapi?"

"Kwato za mbele zimeonekana."

"Basi haiko mbali. Phineas atavuta."

Mzee akanitazama toka juu hadi chini. "Huyu?"

"Huyo huyo. Umwelekeze."

Wasomaji wapendwa, nina shahada ya usimamizi wa ugavi. Nilivua koti, nikavuta. Mzee alinielekeza kwa maneno ambayo sitayaandika katika jarida la wafanyakazi. Ndama alitoka saa kumi na moja na dakika ishirini, nikaanguka chali naye juu yangu. Tukamfunga kwenye pikipiki ya maziwa, Malkia akafuata ndama wake bila kuambiwa, na Mzee akafuata Malkia akiwa na Biblia na saa yake ya ukutani.

Tulifika kilimani penye kanisa saa kumi na mbili kasoro tano. Saa kumi na mbili na dakika kumi ukuta wa Chemalit ulienda. Maji yalibeba mahindi, madaraja mawili, maghala, na jiko la Mzee Wanyoike zima zima pamoja na paa lake. Tulisimama pale juu tukiangalia. Nikampigia Mama nikamwambia maboma yote mia mbili na kumi na manne yako juu. Nikasikia akipenga kamasi, akauliza, "Ndama ni dume au jike?"

Ripoti iliyoenda Nairobi ilikuwa na mstari mmoja ambao Mama aliupiga chapa mwenyewe: Waliofariki, hakuna. Waliojeruhiwa, mmoja, bega, afisa wa vifaa.

Wiki tatu baadaye Bwana Wahome alikuja Eldoret mwenyewe. Alisimama mbele ya ule ubao, akasema mbele yetu sote kwamba siku ile alikuwa ameshashika kalamu kuandika mkutano umefungwa, na kwamba angeishi na jambo hilo maisha yake yote. Leo fomu ya taifa ya kushughulikia majanga inayotumwa kaunti zote arobaini na saba ina safu ya jina la mtu mmoja, na chini yake pana maandishi madogo: taasisi haikubaliki. Juhudi za kuiita kwa jina lake zilikataliwa na yeye mwenyewe. Alisema fomu inatosha kuchukiwa bila kumhusisha.

Mama Rosebella, kwa niaba ya ofisi hii, na hasa kwa niaba ya wale ambao makosa yao uliyafuta kabla wakubwa hawajayaona, asante. Asante kwa kutupigia simu tukiwa tunakuona. Asante kwa kutusubiri tushike chaki.

Sherehe itafanyika Jumamosi ukumbini, na tunaomba radhi kwamba viti havitatosha. Watu wa bondeni wametuma habari kwamba wanakuja, na walipoambiwa nafasi ni hamsini walisema watasimama. Mzee Wanyoike amepewa dakika tatu katika ratiba. Ameomba thelathini. Anayetaka kumwambia hapana aandike jina lake kwa katibu wa kamati. Mpaka tunakwenda mitamboni hajapatikana.

Kapumzike, Mama. Afya iwe nawe, magoti yapate nafuu, na wajukuu wakushikie simu mara ya kwanza inapoita. Nimempigia Murunga leo asubuhi kabla ya kumaliza kuandika haya. Anasema malango yote mia mbili na kumi na manne yametoa maziwa.